Samuel Johnson

Samuel Johnson (Lichfield, 18 Septemba 1709 – London, 13 Desemba 1784) alikuwa mwandishi, mshairi, mhakiki wa fasihi na mtunzi wa kamusi kutoka nchini Uingereza. Mara nyingi huitwa Dk. Johnson kwa sababu ya shahada za heshima za udaktari alizopewa na vyuo vikuu viwili, ingawa yeye mwenyewe alilazimika kuacha masomo ya chuo kwa kukosa ada.

Anajulikana hasa kwa kamusi yake ya lugha ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1755. Haikuwa kamusi ya kwanza ya lugha hiyo, lakini ndiyo iliyowazoesha wasomaji wa Kiingereza kuona maana ya neno ikithibitishwa kwa mifano kutoka katika vitabu. Mambo mengi yanayofundishwa leo katika somo la Kiingereza kwenye shule za sekondari, kama vile matumizi ya kamusi, uhakiki wa tamthilia na mashairi, na desturi ya kutaja chanzo cha hoja, yana mguso wa kazi yake.

Asichanganywe na Frederick Johnson, aliyesimamia utungaji wa kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939.

Utoto na elimu

Johnson alizaliwa katika mji mdogo wa Lichfield, mkoa wa Staffordshire. Baba yake, Michael Johnson, alikuwa muuza vitabu, na familia iliishi juu ya duka. Mama yake, Sarah Ford, alikuwa na umri wa miaka 40 alipomzaa.

Akiwa mtoto mchanga aliambukizwa kifua kikuu cha tezi za shingo. Ugonjwa huo ulimwachia makovu usoni na shingoni na kudhoofisha macho yake, hasa jicho moja ambalo karibu halikuona kabisa. Zamani Waingereza wengi waliamini kwamba mguso wa mfalme au malkia huponya ugonjwa huo. Kwa hiyo mwaka 1712 mama yake alimpeleka London kuguswa na Malkia Anne. Hakupona. Baadaye alianza pia kutikisika mwili na kutoa sauti bila kukusudia. Waliomwona mara ya kwanza walidhani ni mtu asiye na akili timamu, hata alipofungua kinywa na kuanza kuzungumza.

Alisoma shule ya mji wake, ambako somo kuu lilikuwa Kilatini, na walimu walitumia fimbo bila kusita. Elimu yake nyingine aliipata dukani kwa baba yake, akisoma vitabu bila mpango wowote. Mwaka 1728 aliingia Chuo cha Pembroke katika Chuo Kikuu cha Oxford. Fedha zilikwisha baada ya miezi 13. Inasimuliwa kwamba viatu vyake vilikuwa vimechakaa hata vidole vikaonekana, na mtu mmoja alipomwekea viatu vipya mlangoni kwa siri, Johnson alivitupa kwa hasira, kwa kuwa hakutaka kuhurumiwa. Aliondoka Oxford mwishoni mwa mwaka 1729 bila shahada.

Baba yake alikufa mwaka 1731 akiwa na hali ngumu ya fedha. Kabla ya hapo kulikuwa na siku ambayo mzee alimwomba mwanawe amsaidie kuuza vitabu katika soko la Uttoxeter, naye kwa kiburi akakataa. Jambo hilo lilimsumbua Johnson maisha yake yote. Alipokuwa mzee alirudi katika soko lile, akasimama mahali palipokuwa na kibanda cha baba yake, kichwa wazi kwenye mvua, ili kutubu.

Mwalimu asiye na shahada

Kazi ambayo kijana msomi asiye na mali angeweza kuipata kwa urahisi ilikuwa ualimu. Mwaka 1732 Johnson aliajiriwa kuwa mwalimu msaidizi huko Market Bosworth, lakini aliichukia kazi hiyo na kuiacha baada ya miezi michache.

Alihamia Birmingham, na huko akatafsiri kutoka Kifaransa kitabu cha safari za Jerónimo Lobo, padri Mjesuiti kutoka Ureno aliyefanya kazi Ethiopia katika karne ya 17. Lobo alikuwa amejaribu kwanza kuingia Ethiopia kutoka pwani ya Afrika Mashariki, akashindwa, kisha akapitia pwani ya Bahari ya Shamu. Tafsiri hiyo, iliyotolewa mwaka 1735, ndiyo kitabu cha kwanza cha Johnson.

Mwaka huohuo alimwoa Elizabeth Porter, mjane wa mfanyabiashara wa nguo. Bwana harusi alikuwa na umri wa miaka 25 na bibi harusi miaka 46. Kwa fedha za mke wake Johnson alifungua shule yake mwenyewe huko Edial, karibu na Lichfield. Shule ilianza na wanafunzi watatu tu, na hawakuongezeka vya kutosha. Wazazi walisita kumpa watoto wao mwalimu asiye na shahada ambaye mwili wake ulitikisika mbele ya darasa. Wanafunzi wenyewe walimcheka na kumwigiza. Mmoja wao, David Garrick, baadaye akawa mwigizaji mashuhuri kuliko wote wa Uingereza wa wakati wake.

Shule ilifungwa mapema mwaka 1737, na sehemu kubwa ya fedha za mke ikapotea. Machi mwaka huo Johnson na Garrick, mwalimu na mwanafunzi, walifunga safari ya pamoja kwenda London kutafuta maisha. Miaka miwili baadaye Johnson alijaribu tena kurudi kwenye ualimu kwa kuomba ukuu wa shule huko Appleby. Marafiki walijaribu kumpatia shahada kutoka Dublin ili atimize masharti, lakini hawakufaulu, naye akaikosa nafasi hiyo.

Mwandishi wa kulipwa London

Johnson aliishi kwa kuandika katika jarida la The Gentleman's Magazine lililomilikiwa na Edward Cave. Alitafsiri, alisahihisha, aliandika habari za maisha ya watu maarufu na mashairi. Shairi lake refu kuhusu maovu ya jiji la London, lililotolewa mwaka 1738, lilimpatia sifa lakini si utajiri.

Kati ya miaka 1741 na 1744 aliandika taarifa za mijadala ya bunge. Wakati huo ilikatazwa kuchapisha yale yaliyosemwa bungeni, hivyo jarida lilijifanya kusimulia mijadala ya nchi ya kubuni. Johnson hakukaa bungeni kusikiliza. Alipewa majina ya wasemaji na mwelekeo wa hoja zao, kisha akatunga hotuba mwenyewe. Alipogundua kwamba watu wanazisoma kana kwamba ni maneno halisi ya wabunge aliacha kazi hiyo, na katika uzee wake alisema ilimhuzunisha kwa kuwa ilieneza uongo.

Jaribio lingine lilikuja mwaka 1750. Msomi Mskoti, William Lauder, alitoa kitabu cha kudai kwamba mshairi John Milton aliiba kazi za washairi wa Kilatini. Johnson aliamini ushahidi uliotolewa na akaandika utangulizi. Muda si mrefu kasisi John Douglas alionyesha kwamba Lauder alikuwa ameingiza mistari ya tafsiri ya Kilatini ya Milton mwenyewe katika kazi za washairi wale, ili ionekane kwamba Milton aliwaiga. Johnson alimlazimisha Lauder kukiri hadharani, na maneno ya ungamo aliyaandaa Johnson.

Wakati mambo hayo yakitokea, Johnson alikuwa tayari katikati ya kazi iliyomtaka apime ushahidi kila siku: kamusi.

Kamusi ya Kiingereza

Mkataba

Katikati ya karne ya 18 Waingereza wengi waliona aibu kwamba lugha yao haikuwa na kamusi kubwa. Akademia ya Crusca ya Firenze ilikuwa imetoa kamusi ya Kiitalia mwaka 1612. Akademia ya Ufaransa, yenye wanachama 40, ilitoa ya kwake mwaka 1694 baada ya kazi ya miaka 55. Uingereza haikuwa na akademia ya namna hiyo. Kazi ilifadhiliwa na wafanyabiashara: kundi la wachapishaji na wauza vitabu wa London lilifanya mkataba na Johnson mwaka 1746 kwa malipo ya pauni 1,575. Aliahidi kumaliza kwa miaka 3. Ilimchukua karibu miaka 9, na kutokana na malipo hayo alitakiwa kuwalipa wasaidizi pia.

Njia ya kazi

Johnson alikodi nyumba katika mtaa wa Gough Square na kugeuza chumba cha darini kuwa karakana ya kamusi. Aliajiri makarani sita, ambao watano kati yao walikuwa Waskoti.

Kazi ilianza kwa kusoma. Johnson alipitia vitabu vingi vya waandishi waliotangulia, hasa kuanzia wakati wa Philip Sidney katika karne ya 16. Alipoona sentensi inayoonyesha vizuri matumizi ya neno, alilipigia mstari neno hilo na kuandika herufi yake ya kwanza pembeni mwa ukurasa. Makarani walinakili sentensi kwenye vipande vya karatasi na kuvipanga kwa alfabeti. Baada ya hapo Johnson alivitazama vipande vyote vya neno moja, akatenganisha maana zake na kuandika fasili.

Mwanzoni alitaka kuandika katika madaftari yaliyopangwa mapema, lakini maana za maneno zilikuwa nyingi kuliko nafasi aliyoziachia. Sehemu kubwa ya kazi ya miaka ya kwanza ilibidi ianzwe upya. Somo alilolipata ni kwamba maana haziwezi kupangwa kabla ya kukusanya mifano. Mifano ndiyo huamua idadi ya maana.

Katika kipindi hichohicho aliandika karibu peke yake jarida la The Rambler, lililotoka mara mbili kwa wiki kati ya miaka 1750 na 1752 na kufikia matoleo 208. Mke wake alifariki Machi 1752, siku chache baada ya toleo la mwisho. Kwa muda mrefu baada ya msiba huo Johnson hakuweza kufanya kazi ya maana.

Yaliyomo

Kamusi ilitolewa tarehe 15 Aprili 1755 katika majuzuu mawili makubwa. Ilikuwa na vidahizo 42,773 na zaidi ya dondoo 110,000 kutoka kwa waandishi mbalimbali. Waliotajwa mara nyingi zaidi ni pamoja na William Shakespeare, John Milton na John Dryden, na Biblia pia ilitumika sana. Nakala ziliuzwa kwa pauni 4 na shilingi 10, bei ambayo mtu wa kawaida hakuweza kuimudu. Mwaka 1756 likatolewa toleo fupi la bei nafuu, na hilo ndilo lililoenea majumbani.

Nguvu ya kamusi ilionekana zaidi katika maneno madogo ya kila siku. Watunzi waliotangulia walipenda maneno magumu na kuyapita haraka yale mepesi. Johnson alitambua kwamba neno jepesi ndilo gumu kulifasili. Kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuchukua alikigawa katika maana 134, kila moja ikiwa na mfano au mifano yake.

Kamusi ilikuwa na kasoro pia. Maelezo ya asili ya maneno mara nyingi hayakuwa sahihi, kwa kuwa elimu ya historia ya lugha ilikuwa bado changa. Dondoo nyingine zilifupishwa au kubadilishwa, na kwa kawaida lilitajwa jina la mwandishi au kitabu tu, bila ukurasa. Fasili chache zilikuwa ngumu kuliko neno lenyewe, na nyingine zilibeba utani na chuki zake binafsi, dhidi ya Waskoti, watoza ushuru na hata watunzi wa kamusi. Alikosea pia sehemu moja ya mguu wa farasi na kuiita goti. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja alipomuuliza kwa nini aliandika hivyo, alijibu kwamba ni kwa sababu ya kutojua.

Mawazo yaliyobadilika

Katika mpango wa kamusi alioutoa mwaka 1747 Johnson alitumaini kwamba kitabu chake kingeimarisha Kiingereza na kukizuia kisibadilike. Katika dibaji ya mwaka 1755 alieleza wazi kwamba tumaini hilo halikuwa na msingi. Alikuwa ameona kwenye vipande vyake vya karatasi jinsi maneno yanavyozaliwa, yanavyohama maana na yanavyokufa. Alikiri kwamba hakuna kamusi wala akademia inayoweza kuizuia lugha inayosemwa na watu walio hai, ingawa aliendelea kuamini kwamba mwandishi ana wajibu wa kupinga uzembe katika matumizi yake.

Mfadhili asiyefadhili

Mpango wa mwaka 1747 ulielekezwa kwa bwana mkubwa Lord Chesterfield, kwa matumaini ya ufadhili. Johnson alipata kutoka kwake pauni 10 tu, kisha miaka mingi ya kutojaliwa. Kamusi ilipokaribia kutoka, Chesterfield alichapisha makala mbili za kuisifu. Februari 1755 Johnson alimwandikia barua ya kukataa kwa adabu lakini kwa ukali msaada uliokuja baada ya kazi kumalizika. Barua hiyo hutajwa mara nyingi kama dalili kwamba zama za waandishi kuwategemea mabwana zilikuwa zinapita, na mahali pao palichukuliwa na wasomaji wanaonunua vitabu.

Kabla kamusi haijatoka, Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya uzamili, miaka 25 baada ya umaskini kumwondoa hapo. Ikachapishwa pamoja na jina lake katika ukurasa wa kwanza wa kamusi.

Sarufi

Mwanzoni mwa kamusi Johnson aliweka historia fupi ya Kiingereza na sarufi yake. Sarufi aliigawa katika sehemu nne kwa kufuata desturi ya vitabu vya Kilatini: tahajia, maumbo ya maneno, sintaksia na arudhi.

Sehemu ya sintaksia ilipewa mistari michache tu. Johnson aliona kwamba Kiingereza kina viambishi vichache kuliko Kilatini, kwa hiyo hakuona haja ya kanuni nyingi za upatanisho. Jambo hilo lilikosolewa. Robert Lowth alipotoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1762 aliona hapo pengo la kulijaza, naye akaeleza sintaksia kwa urefu pamoja na mifano ya makosa ya waandishi wakubwa. Lindley Murray, aliyetoa sarufi ya shule mwaka 1795, alichukua mengi kutoka kwa Lowth. Kwa njia hiyo kanuni nyingi zilizokaririwa madarasani katika karne ya 19 zilitoka kwa watu hao wawili kuliko kwa Johnson. Mchango wake ulikuwa mkubwa zaidi katika tahajia, kwa kuwa wachapaji na walimu waliichukua kamusi yake kama mwongozo.

Miaka baada ya kamusi

Kamusi ilimpatia jina, lakini malipo yalikuwa yamekwisha kutumika. Machi 1756 alikamatwa kwa deni lisilofika pauni 6, akaokolewa na mwandishi wa riwaya Samuel Richardson. Januari 1759 mama yake alifariki. Ili kulipia mazishi na madeni aliyoacha, Johnson aliandika kwa jioni za wiki moja hadithi ya Rasselas, mwana wa mfalme wa Abisinia anayetoka katika bonde la starehe kwenda Misri kutafuta maisha yenye furaha, asiyapate. Ethiopia ya hadithi hiyo ni ya kubuni, lakini mbegu yake ni kitabu cha Lobo alichokitafsiri ujanani.

Mwaka 1762 Mfalme George III alimpa pensheni ya pauni 300 kwa mwaka. Johnson alisita kuipokea, kwa kuwa katika kamusi alikuwa amelifasili neno hilo kama malipo ya kununua utii wa watu kwa serikali. Aliihakikishiwa kwamba ilitolewa kwa kazi aliyokwisha kuifanya, akaipokea. Tangu hapo hakuishi tena kwa hofu ya njaa.

Tarehe 16 Mei 1763 alikutana na James Boswell, Mskoti kijana aliyeanza kuandika kumbukumbu za mazungumzo yake. Mwaka 1764 alianzisha pamoja na mchoraji Joshua Reynolds chama cha mazungumzo ambacho wanachama wake walikuwa pamoja na Oliver Goldsmith na Edmund Burke. Shahada za heshima za udaktari alipewa na Chuo cha Trinity cha Dublin mwaka 1765 na Oxford mwaka 1775.

Mhakiki wa fasihi

Mwaka 1765 Johnson alitoa tamthilia za Shakespeare katika majuzuu manane, pamoja na maelezo na dibaji ndefu. Wahakiki wengi wa wakati huo walishikilia kanuni ya umoja wa wakati na mahali: matukio ya tamthilia yasizidi siku moja na yasihame kutoka mji hadi mji. Kwa kipimo hicho Shakespeare alihesabiwa kuwa mtunzi asiyejua sheria. Johnson alijibu kwamba mtazamaji anajua tangu mwanzo hadi mwisho kuwa yuko katika ukumbi wa maigizo; aliyekubali kuwazia kwamba jukwaa ni Misri hawezi kushindwa kuwazia kwamba baadaye ni Roma. Alitetea pia uchanganyaji wa tanzia na ramsa katika kazi moja, kwa kuwa maisha yenyewe huchanganya kilio na kicheko. Hata hivyo hakumsifu Shakespeare bila kipimo: alilaumu kupenda kwake kucheza na maneno, na kutojali kufundisha maadili.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa habari za maisha ya washairi 52 wa Kiingereza, iliyotolewa kati ya miaka 1779 na 1781. Katika habari za Abraham Cowley alijadili kundi la washairi wa karne ya 17 aliowaita wa kimetafizikia, akiendeleza neno ambalo Dryden aliwahi kulitumia kumhusu John Donne. Aliwalaumu kwa kulinganisha vitu visivyohusiana ili kuonyesha werevu. Istilahi ilidumu, lakini hukumu ilipinduliwa: mwaka 1921 mshairi T. S. Eliot alikitetea kile ambacho Johnson alikikosoa, na tangu hapo washairi hao wamekuwa sehemu ya kawaida ya masomo ya fasihi.

Katika kazi hizo zote Johnson alifuata utaratibu uleule. Alitaja kazi anayoizungumzia, akachambua sehemu zake, akaeleza sababu ya sifa au lawama, akamwachia msomaji uwezo wa kupinga.

Mashairi ya Ossian

Suala la ushahidi lilirudi katika uzee wake. James Macpherson alikuwa ametoa mashairi aliyodai ni tafsiri ya kazi za Ossian, mshairi wa kale wa Uskoti, na mashairi hayo yalisifiwa kote Ulaya. Johnson alisafiri na Boswell katika nyanda za juu na visiwa vya Uskoti mwaka 1773, na katika kitabu cha safari hiyo kilichotolewa mwaka 1775 aliandika kwamba miswada ya asili haijawahi kuonyeshwa na kwamba hakuamini kuwa ipo. Macpherson alimtishia. Johnson alimjibu kwa barua kwamba vitisho si hoja, kisha akajinunulia bakora nene. Wataalamu wa baadaye walionyesha kwamba Macpherson alitumia baadhi ya masimulizi halisi ya Kigaeli, lakini sehemu kubwa aliitunga mwenyewe.

Francis Barber na suala la utumwa

Wiki chache baada ya kifo cha mke wake mwaka 1752, Johnson alimpokea nyumbani kijana Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaika na kuletwa Uingereza miaka miwili kabla. Barber alikuwa mtumishi wake, lakini Johnson alimlea karibu kama mwana. Alimlipia masomo ya miaka kadhaa katika shule ya Bishop's Stortford, na katika wosia wake alimfanya mrithi mkuu pamoja na posho ya pauni 70 kwa mwaka, jambo lililowashangaza na kuwaudhi baadhi ya watu wa wakati huo. Barber alihamia Lichfield na baadaye akafungua shule ndogo karibu na hapo.

Johnson alipinga utumwa waziwazi wakati Waingereza wengi waliufaidi. Mwaka 1777 aliandaa hoja za kumtetea Joseph Knight, Mwafrika aliyedai uhuru wake mbele ya mahakama ya Uskoti. Mwaka uliofuata mahakama iliamua kwamba utumwa hautambuliwi na sheria za nchi hiyo. Boswell hakukubaliana naye katika jambo hilo.

Kifo

Juni 1783 Johnson alipatwa na kiharusi kilichomnyima sauti kwa muda. Inasimuliwa kwamba usiku huohuo alitunga sala katika beti za Kilatini ili ajue kama akili yake bado nzima, akaona kwamba beti hazikuwa nzuri, na akafarijika kwa kuwa aliweza kuutambua udhaifu wake. Alifariki tarehe 13 Desemba 1784, akiwa na umri wa miaka 75, akazikwa katika abasia ya Westminster.

Urithi

Boswell alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1791, na kwa sababu ya kitabu hicho watu wengi wanamjua Johnson kama msemaji kuliko kama mwandishi.

Kamusi yake ilibaki yenye kuheshimiwa kuliko zote za Kiingereza nchini Uingereza kwa muda wa zaidi ya miaka 100. Noah Webster, aliyetoa kamusi ya Kiingereza cha Marekani mwaka 1828, aliikosoa vikali huku akiitegemea. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutolewa mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, ilichukua njia ya Johnson ya kuthibitisha kila maana kwa dondoo, ikaongeza kile kilichopungua kwake: mwaka na chanzo kamili cha kila dondoo.

Nyumba aliyozaliwa huko Lichfield na nyumba ya Gough Square jijini London zimekuwa makumbusho. Katika nyumba ya Gough Square wageni huonyeshwa chumba cha darini ambamo kamusi iliandikwa.